Kitako cha walnati: ubao uliovunjika na ubao ulioshika

Kuna upinde unaolazwa juu ya kitako cha mbao kama cha bunduki. Unauvuta mara moja, kamba inanaswa na ndoana ya chuma, unaegemeza begani, unalenga, kisha unafyatua. Wengine wanauita krosibo. Mimi na wenzangu wawili tunaozungumza Kiswahili hapa Hamilton, Ontario, tumezoea kuuita upinde wa kitako, na ndivyo nitakavyouita hapa.

Wangu niliununua ukiwa umeshatumika. Nguvu yake ya kuvuta ni ratili 150, yaani kama kilo 68. Upinde wenyewe ulikuwa mzima, ila kitako chake cha plastiki kilitengenezewa mtu mwingine. Mimi natumia mkono wa kushoto, na pale pa kuegemeza shavu palikuwa pamevimbishwa upande wa watu wa kulia. Tena kilikuwa kirefu mno kwangu mwenye mita 1.64, kidole kinafika kwenye kifyatuo kwa kujinyoosha. Nikirusha mishale ishirini bega linawaka moto, na baada ya hapo hakuna kulenga tena. Kitako cha kushoto cha aina ile hakiuzwi. Nikaamua kujichongea.

Baba yangu ni seremala, Tanga. Nimekulia kwenye maranda na harufu ya mninga, kwa hiyo niliamini mbao naijua. Jipya lingekuwa mashine tu, ile ya CNC inayochonga yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Imani hiyo ndiyo iliyonigharimu kuliko kitu kingine chochote, maana shida zangu kubwa zote zilitoka kwenye mbao.

Kwanza neno la sheria, kwa sababu nimeshaulizwa. Kanada inakataza upinde wa kitako unaoweza kulengwa na kufyatuliwa kwa mkono mmoja, na pia wowote usiozidi urefu wa milimita 500. Wangu ni mrefu na wa mikono miwili, na naurusha kwenye uwanja wa shabaha tu. Ukiwa nchi nyingine, uliza kabla hujanunua hata skrubu. Ujerumani na Uingereza, kwa mfano, lazima uwe umetimiza miaka 18.

Jambo la pili niliamua mapema, na ndilo ninalojivunia zaidi: nguvu ya upinde isipite kwenye mbao. Upinde wangu una reli ya aluminiamu. Mbele ya reli hiyo yamefungwa mabawa ya upinde, na nyuma limefungwa sanduku la chuma la kifyatuo pamoja na kizuizi chake cha usalama. Vyote hivyo nilivihamisha kama vilivyo. Kazi ya mbao ikabaki kubeba mkono, shavu na bega. Wako wanaochonga hadi njia ya mshale kwenye mbao, na wengine wanatengeneza kifyatuo wenyewe. Kama hiki ni kitako chako cha kwanza, nakusihi usifanye hivyo. Kilo 68 zikiachiliwa karibu na uso wako si mahali pa kujifunzia.

Nilianza kuchora mwezi wa kumi na moja. Nilitumia Fusion 360, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ambayo ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi, na nikakaa nayo karibu wiki sita, usiku usiku baada ya kazi. Kuchora mzingo wa kitako si kugumu sana. Kugumu ni vipimo vya vitu vinavyoingia ndani yake. Sanduku la kifyatuo nililipima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, mara tatu, kila mara likanipa jibu tofauti kidogo, hadi nikagundua kwamba ubavu wake haukuwa wima, ulikuwa umelalia ndani kidogo tu. Ukikutana na kitu kama hicho, chukua kipimo cha pale palipo papana, halafu ongeza nafasi ya milimita 0.3 kila upande.

Urefu wa kitako nilijipima sebuleni, hita inawaka, nimevaa fulana. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kabla ya mbao ya thamani nilichonga cha majaribio kwa MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwenye karakana ya pamoja, ile ambayo wanachama wanalipa kila mwezi na kutumia mashine zilizomo. Meza ya CNC yao ni milimita 1200 kwa 600. MDF ilinigharimu dola 30 za Kanada, na ndizo dola nilizozitumia vizuri kuliko zote. Sanduku la kifyatuo lilikataa kuingia. Nilikuwa nimechora shimo lenye pembe kali nne, nikasahau kwamba biti, kile kisu cha mashine kinachozunguka, ni ya duara. Biti ya milimita 6 huacha kona yenye mviringo wa milimita 3, hata ufanye nini. Ama unachora vijishimo vidogo kwenye kona ili biti ipenye zaidi, ama unamalizia kwa patasi. Mimi nilimalizia kwa patasi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile kwamba mikono yangu ilijisikia iko nyumbani.

Kitako hicho cha MDF nilikipeleka uwanjani kuwaonyesha wenzangu. Mmoja wao, aliyeanza mchezo huu kabla yangu, alikishika, akaweka mkono wa mbele, akainua kidole gumba taratibu mpaka kikapita juu ya mstari wa reli. Hakusema kitu. Kamba ingepita pale pale. Nilikuwa nimeondoa ule ukingo wa kukinga vidole kwa sababu niliona unaharibu umbo. Usiku huo niliurudisha, milimita 20 kila upande, na sasa siuoni ubaya wake hata kidogo.

MDF ina ubaya mwingine. Vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo na lina gundi ndani. Nilikata bila barakoa, nikakohoa wiki nzima. Vumbi la walnati, mbao niliyoichonga baada ya hapo, nalo linawasha ngozi na koo. Vaa barakoa ya chujio, ile ya kazi, siyo kitambaa, na uwashe kifyonza vumbi hata kama makelele yake yanakukera.

Januari nikanunua walnati nyeusi, ubao mmoja wa unene wa milimita 50, dola 85. Ulikuwa mzuri, kahawia yenye mawimbi ya zambarau. Muuzaji alisema umekaushwa tanuri, na sidhani kama alidanganya. Lakini ulikuwa umelala kwenye banda lisilo na joto. Niliutoa nje kwenye baridi kali, nikauingiza karakana yenye hita, na baada ya siku mbili ukawa mezani. Kipima unyevu kilisoma asilimia 11 juu. Sikujua, au nilijua nikapuuza, kwamba ndani ya nyumba za huku wakati wa baridi hewa ni kavu kiasi kwamba mbao inashuka hadi asilimia 5 au 6. Tanga ubao ukifika 12 unaanza kazi. Hapa huo bado ni ubao mbichi.

Kosa la mwendo nililigundua ndani ya dakika kumi. Niliogopa mashine, nikaipa mwendo wa polepole: milimita 900 kwa dakika, biti yenye makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika. Nilidhani polepole ndiyo salama. Moshi ukaanza kutoka, ukingo wa mbao ukawa mweusi. Mzee mmoja wa karakana, fundi vyuma mstaafu, alikuja akachota kilichokuwa kinadondoka akanimwagia kiganjani. Ulikuwa unga. Akaniambia unga maana yake ni kwamba biti inasugua. Ikikata, inatoa maranda.

Hesabu yake ni nyepesi, na ingefaa niijue kabla. Zidisha mizunguko kwa idadi ya makali: 18,000 mara 2 ni 36,000. Gawanya mwendo kwa namba hiyo. Kwa 900 kila kali lilikuwa linakula milimita 0.025 tu, ndiyo maana lilikuwa linachoma. Tulipandisha hadi 2,800, kila kali likala karibu milimita 0.08, na moshi ukakoma. Biti ile ilikuwa imeshakufa, hata hivyo.

Usiku ule niliacha ubao mezani ukiwa umechongwa upande mmoja. Asubuhi niliweka rula ya chuma juu yake na kumulika tochi kwa nyuma. Mwanga ulipita kila mahali. Ubao ulikuwa umejikunja kama upinde, milimita 3 katikati. Ukiondoa nyama ya upande mmoja wa mbao ambayo bado ina unyevu moyoni, pande mbili hazivuti tena sawasawa, na ubao unajikunja. Baba angeniambia hilo bila mashine wala kipima unyevu.

Nilipaswa kusimama pale. Sikusimama, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa dola 85, na mtu akishalipa anatafuta namna ya kujidanganya. Niliukandamiza kwa vibano ukanyooka, nikaugeuza, nikatafuta sifuri, pale mashine inapoanzia kuhesabu vipimo vyake, upya kwa kupima kutoka ukingo wa ubao kwa macho. Ukingo wenyewe haukuwa sambamba na chochote tena. Mashine ilichonga upande wa pili vizuri sana, milimita 1.4 pembeni ya pale palipotakiwa. Kukawa na ngazi inayokimbia urefu wote wa kitako, chini na juu. Nilijaribu kuiondoa kwa tupa na msasa. Kila nilipoifuta nilikuwa napunguza shingo, ile sehemu nyembamba ambapo kiganja kinashika.

Jioni moja, nikiwa nimechoka na nimekasirika, nilikifunga kwenye jiriwa nikakivuta kwa mikono miwili, nione kama kina nguvu. Kilikatika shingoni. Mlio wake ulikuwa wa kuni kavu. Hakukuwa na vibanzi hata kimoja. Kilitengana kama karatasi iliyokunjwa mahali hapo zamani. Niliketi kwenye sakafu ya karakana nacho mapajani, vipande viwili, na sikuona haya kwamba macho yangu yalilowa.

Nikampigia Baba. Kule ilikuwa inaelekea alfajiri, nilijua ataamka kusali.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Kuna nini saa hizi?"

Nikamweleza yote, nikamtumia picha ya pale palipokatika. Akakaa kimya akiitazama.

"Nyuzi zinaelekea wapi hapo shingoni?"

Nikatazama. Zilikuwa zinaikata shingo kwa mshazari, karibu nusu ya pembe mraba. Nilikuwa nimelaza mchoro wangu juu ya ubao kwa kufuata yale mawimbi ya zambarau, ili yaonekane pale shavu linapokaa.

"Hiyo mashine yako ina macho?"

"Hapana, Baba."

"Basi ulimwachia nani kazi ya kutazama?"

Kitako cha pili kilianza na swali hilo. Sikuwasha kompyuta. Nilinunua mbao mbili za walnati za milimita 25, dola 78 zote, nikazipeleka nyumbani, nikazisimamisha sebuleni na vijiti katikati ili hewa ipite, zikakaa wiki tano. Mke wangu alizunguka nazo wiki zote tano bila kulalamika. Nilikuwa napima unyevu kila Jumapili, na nilipoona namba haibadiliki tena kwa wiki mbili mfululizo ndipo nikazichukua. Nilikata kiolezo cha kitako kwa kadibodi, nikakizungusha juu ya mbao mpaka nyuzi zikapita shingoni kwa urefu. Mawimbi mazuri yakaangukia kwenye kitako cha nyuma upande ambao hakuna anayeutazama. Sawa.

Kutumia mbao mbili badala ya moja kulibadilisha mengi. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia zilichongwa ndani kwanza: shimo la kifyatuo lenye upana wa milimita 28 likawa milimita 14 kwa kila nusu, na biti fupi ililifikia bila kichwa cha mashine kugonga mbao. Kisha nikazigandisha kwa gundi. Moja ilitaka kujikunja huku na nyingine kule, zikazuiana. Kabla ya kumalizia niliacha milimita 3 za ziada kila mahali na kukipumzisha kitako siku sita, ndipo nikapita mara ya mwisho. Kisijikunje ukishamaliza, kijikunje sasa, ungali na nyama ya kuondoa.

Kuhusu kugeuza, hili ndilo ningependa mtu alikate na kulibandika ukutani. Acha mashine yenyewe itoboe matundu ya pini. Nilitoboa mawili ya milimita 8, moja kila mwisho, kwenye mstari ule ule ambao kitako kinageuziwa juu yake, yakapenya mbao na kuingia kwenye ubao wa kafara ulio chini. Ukigeuza, pini zinarudi kwenye matundu yale yale, na sifuri huigusi kabisa. Kwenye maungio ya pande mbili nilisikia kitu kidogo tu nikipitisha ukucha, msasa namba 180 ukakimaliza.

Niliokoa muda pia. Mara ya kwanza biti yenye ncha ya duara ya milimita 6 niliipa hatua ya milimita 0.3 kati ya mstari na mstari, saa tano kila upande, na kila saa tano hizo mtu mwingine anasubiri mashine. Kumbe hatua ya milimita 1 huacha vijituta vya milimita 0.04 tu. Msasa utapita hata hivyo. Saa tano zikawa saa moja na nusu.

Sasa lile la fulana. Nilipokipeleka uwanjani mwezi wa nne, bado baridi, nilikuwa nimevaa koti nene. Kitako kilikuwa kirefu kwa karibu milimita 15. Ilinibidi nikate mwisho wa nyuma niliokuwa nimeshaupaka mafuta, na kufunga bamba la mpira lenye vipande vyembamba vya kuongeza na kupunguza. Jipime ukiwa umevaa nguo utakayorushia.

Sikurusha kutoka begani siku hiyo. Tulikifunga kwenye benchi kwa vibano, tukasimama nyuma, tukavuta kifyatuo kwa kamba ndefu, mishale kumi. Kila mara mshale ulikuwepo. Upinde ukifyatuliwa mtupu, ile nguvu ambayo ingebebwa na mshale inarudi kwenye mabawa na kamba, na unaweza kuupasua. Baada ya mshale wa kumi nilikagua skrubu. Mbili zilikuwa zimelegea, mbao chini ya vichwa vyake imebonyea. Nikaziondoa zote, nikatoboa upya, nikapachika bushi za shaba kwa gundi ya epoksi na kuweka washa pana, vile visahani vyenye tundu, chini ya vichwa vya skrubu. Hazijalegea tangu hapo.

Umaliziaji ni mafuta ya kitani, mikono mitano myembamba, siku moja moja kati. Tambara lililolowa mafuta hayo lisikunjwe na kutupwa pipani. Linapata joto lenyewe linapokauka na linaweza kuwaka moto bila kiberiti. Mimi nalitumbukiza kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Hesabu ya mwisho, kwa anayetaka kujua: mbao za kwanza 85, za pili 78, biti 118, ada ya karakana miezi minne 240, MDF 30, mafuta na msasa 35, epoksi na bushi 25. Jumla dola 611. Mwanzo nilimwambia mke wangu 200. Karibu asilimia 40 ya fedha hiyo ni ada, na ningeliacha ubao ukauke nyumbani kabla ya kuanza kulipa ada, ningebakiza miezi miwili mfukoni.

Narusha mishale arobaini sasa bila bega kuuma. Vipande viwili vya kitako cha kwanza nimevihifadhi. Kimoja nilimtumia Baba, amekiweka karakana kwake, anawaonyesha vijana wanaojifunza pale nyuzi zilivyokaa.

Kitako cha pili kimepita baridi nzima nyumbani, hita ikiwaka usiku na mchana. Mwezi wa pili nilikitoa, nikaweka ile rula ya chuma juu yake, nikazima taa na kumulika tochi kwa nyuma. Kulikuwa giza, kutoka mwanzo wa rula hadi mwisho.